Makaburi ya Kusini na namna yanavyotugusa moyo

Watu wakifika makaburini, sauti hushuka zenyewe. Hata watoto waliokuwa wakikimbizana njiani hupunguza mwendo, na hakuna aliyewakemea. Wengi wetu tunadhani ni woga wa kifo. Woga upo, lakini sehemu kubwa ya kinachotupata pale imetokana na kazi ya watu: aliyechagua mahali, aliyepanda mti, aliyeamua kaburi liwe refu au liinuke shibiri moja tu juu ya ardhi.

Sisi tunaofanya kazi ya uhifadhi wa malikale huulizwa zaidi umri wa makaburi. Leo napenda tuzungumzie yanachotufanya tuhisi, kwa sababu katika mikoa ya Lindi na Mtwara makaburi mengi yanakarabatiwa. Yanazungushiwa ukuta, yanamwagiwa zege, yanawekwa vigae. Nia ni njema kabisa, na mara nyingi kinachoondolewa ndicho kilichokuwa kikiwatuliza wafiwa.

Mfano mzuri kuliko yote uko Songo Mnara, kisiwa kilicho kusini mwa Kilwa Kisiwani. Mji wake wa mawe ulikaliwa kuanzia mwishoni mwa karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 16, na pamoja na Kilwa Kisiwani uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Wageni hupiga picha kuta za nyumba kubwa na mihrabu. Mimi huwaomba wasimame kwanza kwenye uwanja wa katikati. Wajenzi wa mji ule, ambao ardhi yao ilizungukwa na ukuta na kila pembe ilikuwa na thamani, waliacha eneo pana katikati ya nyumba, na humo wakawaweka wafu wao pamoja na msikiti mdogo. Kwa hiyo mtu aliyekwenda kwa jirani, kisimani au kuswali, aliwapitia waliotangulia. Hawakuwapeleka nyuma ya mji.

Wanaakiolojia waliochimba hapo walikuta kuzunguka makaburi sarafu za shaba na vijiwe vyeupe, vidogo vya kushika kiganjani. Vijiwe hivyo havikuanguka pale kwa bahati. Mtu alikuja na chake, akainama, akakiweka, akaondoka, na baadaye akaja mwingine. Majina ya wengi waliozikwa pale yamepotea, lakini tunajua walitembelewa, na kwangu hilo linagusa kuliko nakshi yoyote. Kaburi lenye alama ya mkono wa mtu hutuambia kwamba aliyelala pale alikuwa na wa kumlilia.

Hali hiyo bado tunayo. Katika makaburi ya vijiji vingi vya bara, kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, utakuta juu ya kaburi kikombe cha bati, sahani au chungu alichotumia marehemu, mara nyingine kikiwa kimetobolewa au kuvunjwa ukingo. Tazama kikombe kama hicho kwa karibu: rangi ya maua imechubuka pale midomo ilipozoea, na mkono wake umelegea. Hakuna sanamu ya marumaru inayoweza kumrudisha mtu mbele yako namna hiyo. Pwani nako, kwenye makaburi ya kale yenye nguzo kama yale ya Kaole na Kunduchi, mafundi walipachika bakuli za Kichina ukutani mwa kaburi. Chombo cha chakula kiliwekwa mahali ambapo jicho la mzuru lingetua kwanza.

Jambo la pili ni mwelekeo, na hapa mikoa yetu ina jambo lake. Kutoka Mtwara, Maka iko karibu kaskazini kamili. Maiti wa Kiislamu hulazwa kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla, kwa hiyo kaburi lake hunyooka mashariki na magharibi, kichwa kikiwa mashariki. Desturi ya zamani ya Kikristo nayo humlaza marehemu kichwa kikiwa magharibi, ili siku ya ufufuo atazame jua linakochomoza. Mstari ni uleule, vichwa tu ndivyo vimepishana. Jicho huuona mpangilio huo hata kama akili haijaujua, na moyo hutulia kwa kuona kuwa kila mmoja amewekwa kwa uangalifu. Ndiyo maana kaburi moja lililopindishwa ili kukwepa ukuta mpya humsumbua mtu asijue kwa nini.

Kimo pia kina kazi yake. Katika mafundisho ya Kiislamu, Mtume alikataza makaburi yasisakafiwe wala yasijengewe. Alikuwa amewakataza watu kuyazuru, kisha akawaruhusu, kwa kuwa yanakumbusha akhera. Kaburi la udongo lenye mashahidi wawili tu, yaani alama zinazosimikwa kichwani na miguuni, linakulazimisha uiname ulione. Mwili ukiinama, nafsi hufuata. Kaburi la tajiri lililovikwa vigae vinavyong'aa hukufanya uwaze gharama.

Usawa huo huwa na nguvu zaidi kwenye makaburi ya vita. Mwaka 1918 Waingereza walikubali kanuni kwamba askari wao wote wa Vita Kuu ya Kwanza wapate mawe ya ukubwa mmoja, jenerali na askari wa kawaida. Ukitembea kati ya safu zile kwenye makaburi ya vita ya Dar es Salaam, wingi wake hukuziba koo. Lakini fikiria Mahiwa, karibu na Nyangao, mkoani Lindi. Oktoba 1917 palipiganwa hapo moja ya vita vikali kuliko vyote katika Afrika Mashariki, na majeshi yote mawili, la Waingereza na la Wajerumani, yaliwategemea wapagazi Waafrika kubeba risasi na chakula. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi hayo ya Uingereza ilikiri hadharani kwamba kanuni ya usawa haikufuatwa kwa Waafrika, na kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, huenda hawakuwekewa jina popote, au hawakukumbukwa kabisa. Pasipo na jiwe, mjukuu hana pa kusimama. Naliona hili kuwa deni, na linaniuma.

Miti na njia ndivyo tunavyovipuuza zaidi. Mvinje ukipigwa na upepo wa bahari hutoa mvumo mwembamba usiokatika, unaofunika kelele za barabarani. Mwembe au mkwaju mkubwa hupunguza joto, na mtu asiyechomwa na jua hukaa akamaliza dua yake. Nimeona makaburi ambako miti yote ilikatwa ili "pawe pasafi"; sasa watu huzika haraka haraka na kuondoka. Huko Stockholm, Sweden, Gunnar Asplund na Sigurd Lewerentz, walioshinda shindano la kusanifu makaburi ya Skogskyrkogården mwaka 1915, waliacha msitu wa misonobari usimame na kuzika humo humo. Kwenye kilima cha kutafakari, ngazi zinakuwa fupi kadiri unavyopanda, ili mfiwa afike juu pumzi yake ikiwa imetulia. Hatuhitaji misonobari yao. Uangalifu ule ndio tunaouhitaji.

Kwa halmashauri, kamati za misikiti, makanisa na koo zinazopanga ukarabati, nashauri muanze na njia. Acheni upana wa kuwatosha wabeba jeneza, wasilazimike kukanyaga makaburi ya wengine. Miti mikubwa iacheni, na panapokosekana pandeni mwarobaini upande wa jua la mchana, mbali kidogo na makaburi ili mizizi isiyapasue. Wekeni benchi na maji.

Makaburi ya kale ya mawe ya matumbawe yasipakwe saruji. Saruji hufungia maji na chumvi ndani ya jiwe, na baada ya misimu michache uso wake hubanduka vipande vipande. Tumieni chokaa, na kazi ifanyike kiangazi, kati ya Juni na Septemba, ili ikauke vizuri kabla ya mvua. Mkikuta kikombe, kijiwe au kipande cha bakuli juu ya kaburi, msikitupe na majani mnapofyeka. Kiacheni pale pale, na waulizeni wazee wa ukoo ni cha nani.