Jengo jipya si kipimo cha huduma: angalia ulichofanyiwa

Tangu Bunge la Tanzania lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, wananchi wamezidi kuhoji huduma wanazopata vituoni, na wanahoji kwa haki. Anayechangia lazima aulize anachangia nini. Tatizo ni kwamba malalamiko mengi tunayopokea hayawezi kufanyiwa kazi. Barua inasema "huduma mbovu", basi. Haina tarehe wala kitengo, na haisemi mgonjwa alikwenda kutibiwa nini. Nyingine inalalamika kwamba mtoto alikuwa na malaria lakini hakuchomwa sindano. Tumeshalisema mara nyingi: malaria isiyo kali hutibiwa kwa dawa ya mseto ya kumeza. Mtoa huduma huyo alifuata mwongozo.

Kosa hili la kupima ubora kwa sindano, dripu na rangi ya jengo lina gharama kubwa. Profesa Margaret Kruk, mtafiti wa ubora wa huduma na sera za afya, amefanya kazi hapa kwetu kwa miaka mingi, Kigoma na Pwani. Huko Kasulu, yeye na wenzake walikuta akina mama wengi wakiipita zahanati iliyo jirani ili wakajifungulie mbali zaidi, mahali walipopaamini. Mwaka 2017 utafiti aliofanya na wenzake ulitazama vituo vipatavyo 4,300 katika nchi 8, Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zikiwamo. Ulionyesha kuwa kituo kuwa na vifaa na majengo hakuelezi sana kama mgonjwa anahudumiwa ipasavyo. Mwaka uliofuata, tume ya jarida la kitabibu la Lancet aliyoiongoza pamoja na Muhammad Pate wa Nigeria ilikadiria kuwa zaidi ya watu milioni 8 hufariki kila mwaka katika nchi za kipato cha chini na cha kati kwa magonjwa yanayotibika. Takriban milioni 5 kati yao walikuwa wameshafika kwenye huduma. Hawakufa kwa kukosa kituo.

Wapo watakaouliza nyota tunazotoa kwa vituo baada ya kukagua ubora wao zina kazi gani basi. Zina kazi. Tathmini ya nyota ilipoanza mwaka 2015, karibu theluthi moja ya vituo vya msingi havikupata hata nyota moja, na uliporudiwa ukaguzi mwaka 2017/18 vya namna hiyo vilikuwa vimepungua sana. Lakini nyota ni ya kituo kizima. Haisemi wewe ulihudumiwa vipi Jumanne ile.

Kwa hiyo tazama ulichofanyiwa. Mjamzito anapohudhuria kliniki apimwe uzito, presha, mkojo na wingi wa damu. Tumbo lipimwe, mapigo ya moyo ya mtoto yasikilizwe, na kila jibu liandikwe kwenye kadi. Presha ndiyo nisiyoweza kuivumilia ikirukwa. Ikifika 140/90 na mkojo ukawa na protini, mama huyo yuko kwenye hatari ya kifafa cha mimba, hata kama anajisikia mzima kabisa. Kadi yenye nafasi tupu mahali pa presha ni ushahidi tosha wa huduma pungufu, hata kama kliniki ina vigae vipya na feni. Fungua kadi kabla hujatoka chumbani. Kama presha haijaandikwa, omba upimwe. Kuomba si ujeuri, na hakuna mtumishi mwenye ruhusa ya kukufokea kwa hilo.

Ukitaka kulalamika, anza kwa Mganga Mfawidhi wa kituo. Andika tarehe, saa, kitengo, huduma uliyofuata na kilichokosekana. Jina la mtumishi si lazima, zamu inajulikana. Sanduku la maoni nalo linafaa, na linapaswa kufunguliwa mwakilishi wa wananchi katika kamati ya usimamizi akiwapo. Usiporidhika, nenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, kisha wa Mkoa. Suala la maadili ya taaluma hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika, au Baraza la Uuguzi na Ukunga kwa wauguzi na wakunga. Mabaraza haya yanaweza kutoa onyo, kumsimamisha mtumishi au kumfuta kwenye rejista. Hayalipi fidia, anayedai fidia aende mahakamani. Hayasikilizi pia tuhuma za mitandaoni. Video iliyosambazwa bila tarehe wala mlalamikaji haifungui shauri, na mara nyingi humdhalilisha mgonjwa wa kitanda cha pili.

Rushwa ina njia yake: piga 113, namba ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, bila malipo. Kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, mtoaji na mpokeaji wote wana kosa. Adhabu ni faini ya kuanzia shilingi 500,000 hadi 1,000,000, au kifungo cha miaka 3 hadi 5, au vyote viwili. Malipo halali katika kituo cha serikali yana namba ya malipo na risiti. "Ya soda" haina risiti.

Makala haya hayalengi kituo chochote mahsusi. Palipo na tofauti na mwongozo wa Wizara, mwongozo ndio ufuatwe. Mlalamikaji abaki na nakala ya barua yake iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kwa sababu bila nakala hiyo ngazi ya juu itamrudisha alikoanzia.