Pumu ya bekari: maziwa hayaoshi kifua

Anayemimina gunia la unga wa ngano kwenye mashine ya kukandia hutoweka kidogo ndani ya wingu jeupe. Akitokeza, nyusi zimekuwa za mzee, anapiga chafya tatu, anapewa pakiti ya maziwa.

Vumbi hilo la unga laweza kuleta pumu, ila wafanyakazi wa bekari wana maneno yao. "Maziwa husafisha kifua." Maziwa huenda tumboni, vumbi limeenda mapafuni. Ni njia mbili tofauti. Mafundi rangi na wabeba saruji nao hupewa maziwa hayohayo, na kwa mwajiri ni nafuu kuliko feni ya kufyonza vumbi.

"Nimekanda miaka mitano. Ingekuwa unga, ungeniumiza siku ya kwanza." Mzio hauendi hivyo. Mwili huchukua miezi, hata miaka, kuukataa unga. Mara nyingi huanza pua kuwasha na macho kutoa machozi, kifua hufuata baadaye. Tena si ngano peke yake: amilasi, yaani kimeng'enya kinachotokana na kuvu, kinachotiwa kwenye unga ili mkate uumuke vizuri, nacho huleta mzio.

"Kifua hunibana usiku nikiwa kitandani, basi ni baridi ya nyumbani." Hapa wengi hupotea, na daktari asiyeuliza kazi ya mgonjwa hupotea naye. Kifua chaweza kubana saa kadhaa baada ya kuvuta vumbi, zamu imeshaisha na umeshaoga. Swali lenye maana ni hili: ukienda likizo inakuwaje? Aliyekaa kijijini wiki mbili bila kukohoa, kisha akaanza tena siku chache baada ya kurudi kazini, ameshatoa nusu ya jibu.

Nusu nyingine hutoka kwenye kifaa kidogo cha kupuliza kinachopima kasi ya pumzi. Unapuliza angalau mara nne kwa siku, kwa wiki mbili hadi nne, siku za kazi na za mapumziko, na kuandika namba na saa daftarini. Tuseme Jumapili unapata 420 (lita kwa dakika), Jumatano 310, Jumapili inayofuata 410: mchoro huo unaitaja kazi waziwazi. Ndiyo maana usikimbilie kuacha kazi kabla ya kupimwa, labda kama hali ni mbaya.

"Eksirei imetoka safi, sina pumu." Mwenye pumu mara nyingi eksirei yake huwa safi.

"Pampu ya kuvuta dawa ninayo, naendelea na kazi." Pampu ya steroidi hutuliza uvimbe kwenye njia za hewa, ila ukiendelea kuvuta vumbi lilelile pumu huzidi kukomaa. Anayeondolewa mapema kwenye vumbi ndiye mwenye nafasi nzuri ya kupona. Kitambaa puani hakitoshi. Bora mashine ifunikwe, unga umiminwe polepole karibu na chombo, na sakafu isifagiliwe kavu.

Kwa Tanzania, ugonjwa uliothibitika kutokana na kazi hufidiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mwarifu mwajiri kwa maandishi, na lile daftari la namba usilitupe.