Je, wajua kwa nini mlango wa kabati hupasuka kiangazi hata kama mbao ilikuwa kavu?

Kabati langu la kwanza nililitengeneza kwa mvule. Mbao nilizinunua Kampala mwezi wa Oktoba, mvua zikiwa zimekolea, nikaziranda na kuziunga uani kwa shangazi, kisha nikalipandisha kabati kwenye basi hadi nyumbani Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Mwishoni mwa Januari, usiku, tukasikia mlio kama wa fimbo inayovunjwa. Kulipokucha niliukuta mlango wa kushoto una ufa. Ulianzia juu, ukashuka ukifuata nyuzi za mbao karibu hadi katikati, na sarafu ya shilingi 500 iliingia ndani yake bila kusukumwa.

Nilisema papo hapo: niliuziwa mbao mbichi. Nililisema hilo kwa miaka, na kila aliyeuona ule ufa alikubaliana nami. Mwenye mbao aliniambia kwamba zilikuwa zimekaa stoo muda mrefu na zimekauka, nami sikumwamini. Leo najua alisema kweli, na ndiyo sababu naandika haya, kwani lawama hii bado naisikia kila mahali penye seremala na mteja.

Kosa liko kwenye neno lenyewe, "kavu". Tunalitumia kana kwamba mbao hukauka mara moja kisha mambo yakaisha, kama tofali likishachomwa. Mbao si tofali. Miaka yote ya maisha yake huvuta unyevu hewani na kuurudisha hewani, hadi ilingane na hewa iliyoizunguka. Hewa yenye unyevu wa asilimia 80 huifikisha mbao kwenye maji ya asilimia 16 hivi ya uzito wake mkavu. Hewa ikishuka hadi asilimia 40, maji ndani ya mbao hushuka hadi asilimia 7 au 8. (Hivi ni vipimo vya jumla, kila mti huvipitia au huvipungukia kidogo.) Kwa hiyo mbao iliyokauka vizuri kwa hewa ya Kampala, mvua zikinyesha na Ziwa Victoria liko jirani, ni mbao yenye maji mengi mno kwa hewa ya Arua mwezi wa Januari, pale upepo mkavu unapovuma na midomo ya watu inapasuka. Mbao mbichi kweli ingenywea zaidi, hilo sikatai. Lakini hata meza ya babu iliyokaa sebuleni miaka 50 bado hupanuka na kunywea kila msimu.

Kuna waliosema ningepiga vanishi mara tatu nne, kabati lingepona. Nilikuwa nimepiga. Vanishi huuchelewesha mvuke, haiuzuii, na kiangazi cha miezi mitatu kinatosha kabisa kwa mvuke kupenya. Ukipaka upande wa mbele tu ukaacha wa nyuma, umejitafutia tatizo jingine, kwa sababu upande mmoja utakauka upesi kuliko mwenzake na ubao utajipinda.

Sasa tuingie ndani ya ubao wenyewe, ambako kuna jambo la ajabu kweli. Mbao ni mirija midogo sana iliyolala kufuata urefu wa mti, na maji hukaa humo mahali pawili: kwenye uwazi wa mrija na ndani ya kuta zake. Fikiria shati lililotoka kwenye beseni. Ukilikamua, maji mengi hutoka, lakini kitambaa chenyewe bado kibichi. Mti uliokatwa hupoteza kwanza yale maji ya kukamua, yaliyo kwenye uwazi, na wakati huo mbao hainywei hata kidogo. Yakiisha, maji yakiwa yamebaki kwenye asilimia 30 hivi, ndipo kuta zinapoanza kukauka. Hapo ndipo kunywea kunapoanza.

Kwa nini kuta zikikauka mbao inakuwa nyembamba lakini haiwi fupi? Ukuta wa mrija umejengwa kwa nyuzi za selulosi, na nyingi kati ya hizo zimesimama karibu kufuata urefu wa mti. Maji hayaingii ndani ya uzi, hujipenyeza kati ya uzi na uzi. Ni kama kiti cha nyuma cha taksi. Watu watatu wamekaa, kondakta anaongeza wa nne, kisha mtoto. Kila anayeingia anawasukuma wengine ubavuni, na mstari unapanuka hadi mlangoni, ila hakuna aliyerefuka. Wakishuka wawili, waliobaki wanasogeleana. Nyuzi ndio abiria wa mwanzo. Maji ndiyo yanayopanda na kushuka vituoni.

Mvule ukitoka mbichi hadi kukauka kabisa hunywea kwa takriban asilimia 3.8 ukipima kufuata mzunguko wa pete za mti, na asilimia 2.8 ukipima kutoka kiini kuelekea gome. Kwa urefu, mbao kwa kawaida hupungua asilimia 0.1 au 0.2 tu. Kwa nini mzunguko unazidi kiini-hadi-gome? Zipo sababu kadhaa zinazotajwa, mojawapo ikiwa miale midogo inayotoka kiini kwenda nje na kuubana mti kama vijiti vya mwavuli, lakini wataalamu hawajakubaliana ni ipi yenye uzito zaidi.

Tupige hesabu ya mlango wangu. Paneli, yaani ule ubao mpana wa katikati ya mlango, ilikuwa na upana wa sentimita 40. Maji yakishuka kutoka asilimia 14 hadi 8, inataka kupungua kama milimita 3. Vipande vya fremu vya juu na chini vimelala kufuata upana huo, na urefu wa sentimita 40 haupungui hata robo milimita, kwa hiyo fremu yenyewe ilibaki palepale. Nami nilikuwa nimeipaka paneli gundi pande zote nne, nikaongeza misumari nikidhani naimarisha. Paneli ilivutwa huku na huku, haikuwa na pa kwenda, ikaachia pale penye udhaifu. Kwa gundi ile, hata mvule bora wa Uganda nzima ungepasuka.

Maseremala walishalitatua hili zamani. Fremu huchimbwa mfereji kwa ndani, paneli ikaingizwa humo bila gundi, na ikaachiwa nafasi ya kutembea. Anayetaka isicheze huweka tone la gundi juu katikati na chini katikati, basi, ili inywee sawa pande mbili. Plaiwudi haina shida hii kwa sababu tabaka zake zimelazwa kwa kupishana, kila moja ikimzuia mwenzake asipanuke.

Kabati la pili nililitengeneza hivyo, ila nilipiga vanishi baada ya kuunganisha. Januari ilipofika, pembeni mwa kila paneli, kushoto na kulia, ukatokea mstari mweupe wa mbao ambayo brashi haikuwahi kuifikia. Niliupima kwa rula: milimita moja na nusu kila upande. Juu na chini hapakuwa na kitu. Mwezi wa Mei mistari ilikuwa imerudi ndani ya mfereji, na tangu hapo paneli nazipiga vanishi kwanza, hadi ukingoni, kabla ya kuziingiza kwenye fremu.