"Hang'ati" na "Hajang'ata" Si Neno Moja

Desemba iliyopita, katika kambi moja kando ya Ziwa Naivasha, mwanamume mmoja alikuwa akipuliza makaa ya nyama choma huku mbwa wake mkubwa, asiye na kamba, akizunguka hema la jirani na kunusa sufuria za watu. Mama mwenye hema alimvuta mwanawe nyuma yake, akasema kwa adabu, "Kaka, tafadhali mshike mbwa wako." Kaka hakuinua hata macho. "Usiogope, mama. Huyu hang'ati." Nilikuwa nimeketi hatua ishirini hivi kutoka hapo, nikiwa likizoni, na nilikuwa nimejiapiza kwamba kwa siku tatu sitazungumza na mtu yeyote kuhusu mbwa. Kiapo nilikivunja siku hiyo hiyo, na kwa kuwa wiki hii pekee wateja watatu wameniletea sentensi ile ile kliniki, nimeona heri niandike mara moja, ili atakayefuata nimwelekeze hapa nami niendelee kunywa chai yangu.

Lugha yetu imetugawia vikanushi viwili ambavyo mwenye mbwa huvichanganya kila siku. Anayesema "hang'ati" anatoa hukumu juu ya mnyama, kwamba siku zote, mahali popote, mbele ya yeyote, meno yake hayatagusa mtu. Anayesema "hajang'ata" anatoa taarifa tu: mpaka dakika hii jambo hilo halijatokea. Kile kiambishi kidogo -ja- huacha mlango wazi, kama tunaposema mvua haijanyesha wala hakuna anayeanika unga nje kwa kutegemea maneno hayo. Katika miaka yangu ya kutibu mbwa na kurekebisha tabia zao, sijakutana na mtu mwenye ushahidi wa sentensi ya kwanza. Wote wana ushahidi wa ya pili, nao wameukusanya ndani ya geti lao wenyewe, miongoni mwa watu wale wale wanne au watano, kwa saa zile zile za chakula.

Hebu tuwe wakweli kuhusu geti hilo. Mbwa wengi ninaowaona Nairobi wamelelewa kulinda nyumba. Mchana hufungiwa bandani, usiku hufunguliwa wazunguke ua, na getini huning'inia kibao cha "Mbwa Kali" (sarufi ya kibao hicho nawaachia walimu, ingawa kila nikikipita mkono huniwasha kuongeza m). Mbwa wa namna hiyo amefundishwa somo moja kwa ukamilifu, nalo ni kwamba mgeni anayetembea gizani ni adui. Kisha likizo inafika, familia inampakia garini, na mtu yule yule aliyelipia kibao anawaambia majirani wa kambini kwamba mnyama ni mpole. Mimi si wakili, lakini najua kwamba kesi za mbwa zinapofika mahakamani, swali la kama mwenyewe alijua ukali wa mnyama wake huwa na uzito, na sioni jinsi kibao kile kitakavyomtetea.

Sasa mtazame mbwa huyo usiku wake wa kwanza kambini. Kufikia jioni hema limekwisha kuwa nyumba yake, kwa sababu lina harufu ya watu wake na chakula chake, na haihitaji siku nyingi kwa mbwa kuamua mpaka wake uko wapi. Hakuna ukuta unaomwonyesha mpaka huo, kwa hiyo anauchora mwenyewe, na mara nyingi anauchora ukipita katikati ya njia ya kwenda chooni. Saa nane za usiku mzee mmoja anatoka katika hema la pili, amejifunika blanketi, ana tochi mkononi, anakohoa, anajikwaa kwenye kamba za hema. Yaani mgeni, gizani, mwenye umbo lisiloeleweka, anayemulika taa kuelekea kwa watu walio usingizini. Huyo ndiye mwizi ambaye mbwa amesubiri maisha yake yote. Ukiniuliza ni nani aliyekosea hapo, sitamtaja mbwa wala mzee.

Kuna wanaonijibu kwamba mbwa wao amefunzwa, anaketi akiambiwa keti na anakuja akiitwa. Anaketi jikoni kwenu. Mbwa hahamishi somo kutoka mahali hadi mahali kama mtu anavyofanya, na amri aliyoijua barazani inabidi afundishwe upya uwanjani, njiani, kisha mbele ya moshi wa nyama na tumbili juu ya mgunga. Ukitaka kujua kama anakuja akiitwa, mwite akiwa anamfukuza kitu. Asipokuja, hana mafunzo hayo, na kamba ndiyo mafunzo yake kwa wakati huo.

Mkia nitaupitia upesi. Mbwa anayetikisa mkia amesisimka, basi. Mkia mlegevu unaoyumba pamoja na kiuno kizima ni habari njema, lakini mkia uliosimama wima ukitetemeka kama unyasi, juu ya mwili uliokakamaa, si salamu. Kunguruma nako watu hukuelewa kinyume. Mbwa anayenguruma anakuambia jambo kabla ya kulitenda, na anayepigwa kila akinguruma hujifunza kunyamaza, kisha siku moja anang'ata "bila onyo", kama wenyewe wanavyonieleza kliniki kwa mshangao. Onyo lilikuwepo, mkalifuta kwa fimbo. Akinguruma, mwondoe pale alipo, na jioni tafakari ni nini kilichomsogelea.

Linaloniudhi zaidi, hata hivyo, ni ile dhana kwamba kung'ata ndilo kosa pekee ambalo mbwa anaweza kulitenda, kwamba mradi hakuna damu basi hakuna deni. Bibi wa miaka sabini akirukiwa na mbwa mwenye furaha, nyonga inaweza kuvunjika vile vile. Mtoto aliyewahi kuumwa hatazami nia ya mnyama. Na tunaishi Afrika Mashariki, si mahali pengine. Mwislamu wa madhehebu ya Shafii, na hao ndio wengi katika pwani yetu, akirambwa mkono au akiguswa nguo na pua yenye unyevu, analazimika kupaosha mahali hapo mara saba, moja kwa udongo, na sufuria iliyolambwa vivyo hivyo. Nimeshuhudia familia kutoka Mombasa ikimwaga wali wa watu tisa kwa sababu mbwa mmoja "mpole" alitia ulimi. Mwenye mbwa alicheka, akasema mate ya mbwa ni safi kuliko ya binadamu. Kwanza si kweli, maana kinywa cha mbwa kimejaa bakteria kama kinywa kingine chochote, na pili hakuna aliyemwomba maoni ya kitabibu. Aliombwa amshike mbwa wake.

Kinyesi kinastahili maneno machache. Wengi huniambia wataokota asubuhi ya kuondoka. Mayai ya minyoo ya aina ya toksokara huhitaji wiki kadhaa ardhini kabla ya kuweza kumwambukiza mtu, na viluwiluwi vya safura huhitaji siku chache tu katika udongo wenye joto na unyevu, kwa hiyo kinyesi kinachookotwa papo hapo kina hatari ndogo kuliko kile kinachosahauliwa nyuma ya hema. Utakayemwachia ni mtoto wa wiki ijayo anayecheza peku. Mfuko mmoja, dakika moja, tumemaliza.

Halafu kuna wanyama wenye ardhi yao. Naivasha, kiboko hutoka majini giza linapoingia ili ale nyasi, na kambi nyingi za kando ya ziwa hujitenga naye kwa waya tu. Mbwa hupita chini ya waya huo. Akifika upande wa pili anabweka, kiboko anageuka, na mbwa anafanya kila mbwa afanyacho akiogopa, anarudi mbio kwa bwana wake, akiwa ameleta mgeni wa zaidi ya tani moja. Watu hufikiri kamba ni ya kuwalinda wengine dhidi ya mbwa. Usiku kando ya ziwa, kamba inakulinda wewe.

Wanaokereka kwamba Hell's Gate, iliyo jirani, haipokei mbwa kama zilivyo hifadhi nyingine za taifa, huniuliza kwa nini, ilhali mbwa wao amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Kichaa ni ugonjwa mmoja tu. Mwaka 1994 homa ya mbwa inayoitwa distempa iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na virusi vyake vilihusishwa na mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Zamani nilikisimulia kisa hiki kwa ujasiri mkubwa, mbwa akiwa mkosaji na chanjo ikiwa dawa. Siku hizi nasita kidogo, kwa sababu uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba virusi hivyo vinaweza kuendelea kuzunguka miongoni mwa wanyamapori hata mbwa wakichanjwa. Sababu ya kumwacha mbwa nje ya hifadhi haipungui kwa hilo, ila hadithi yangu imepoteza ule wepesi iliokuwa nao. Na tafadhali, usimwache garini langoni ukaenda kuendesha baiskeli bondeni. Gari lililoegeshwa juani huongezeka takriban nyuzi kumi ndani katika dakika kumi za mwanzo, na kidirisha kilichoachwa wazi kidogo hakisaidii sana.

Je, afungwe kwenye mti? Hapa sina jibu safi. Mbwa aliyefungwa hawezi kukimbia, na mnyama aliyenyimwa njia ya kukimbia hubakiwa na meno, kwa hiyo kumfunga na kwenda ziwani kupiga picha ni kumtega yeye na watoto wa jirani kwa pamoja. Lakini kumwacha huru ni vibaya zaidi. Ninachofanya mimi ni kumfunga kwa kamba fupi, mbali na njia ya chooni, akiwa na maji na kivuli, na mmoja wetu akiwa karibu kiasi cha kumgusa. Usiku hulala ndani ya hema. Kuna mbwa ambao hata hilo ni zito kwao, wanaohema na kuzungukazunguka usiku kucha, na hao nimeanza kuwashauri wenyewe wawaache nyumbani kwa mtu wanayemjua, ingawa miaka michache iliyopita ningesema kila mbwa anaweza kuzoezwa. Nilikosea kuhusu mbwa wangu mwenyewe. Nilimpeleka kambini mara tatu kabla ya kukubali kwamba hapendi, na mara ya tatu alimnyakua kijana wa watu chapati pamoja na ngozi ya kidole. Miezi mitatu kabla ya hapo nilikuwa nimemwambia rafiki, kwa sauti ya kitaalamu kabisa, kwamba hang'ati.

Kuhusu aina ya mbwa, nawaambia wateja kwamba malezi yana uzito kuliko ukoo, na naamini hivyo. Wiki zile za tangu ya tatu hadi ya kumi na mbili hivi, mbwa anapozoea sura, sauti na harufu za ulimwengu, hazirudi tena. Lakini akipita mbwa wa kilo hamsini na simjui mwenyewe, mimi pia huwasogeza wanangu, kwa kuwa kosa la mbwa mdogo hufungwa plasta na la mkubwa hushonwa.

Turudi Naivasha. Nilimwendea yule kaka, nikajitambulisha, naye akanisikiliza kwa heshima ya mtu anayesubiri umalize. Nusu saa baadaye mtoto wa yule mama alipita na soseji mkononi, mbwa akamfuata, mtoto akakimbia kama mtoto yeyote, na mbwa akaudaka mkono. Yalikuwa matundu mawili madogo ya meno na mkwaruzo. Tulimwosha mtoto kwa sabuni chini ya bomba kwa dakika kumi na tano nzima tukitazama saa, akilia mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakuna tiba, na maji na sabuni ndiyo kinga ya kwanza kabla ya sindano. Mama akamuuliza kaka kama mbwa amechanjwa. "Nadhani," akajibu. Kadi ilikuwa Nairobi. Alimpigia mkewe simu, mkewe akaitafuta, akaipiga picha na kuituma, sote tukaegemea kioo cha simu ile chini ya taa ya jikoni. Chanjo ya mwisho ilikuwa ya miaka miwili na nusu iliyopita. Usiku ule ule gari lake ndilo lililompeleka mtoto hospitali, na mbwa alibaki nami, amefungwa kwa kamba ya hema langu, kwa siku kumi za kuangaliwa kama ataonyesha dalili za kichaa, zilizoanza saa ile.