Parlerebbe: unaikata wapi?

Mwanafunzi wangu mmoja, kijana anayetembeza wageni Malindi, alimwandikia mgeni wake Mwitalia: "Verremmo a prenderla alle sei." Alikusudia "Tutakuja kukuchukua saa kumi na mbili." Mgeni akamjibu: mngekuja, ila nini? Ni m moja tu iliyozidi. Verremo ni "tutakuja". Verremmo ni "tungekuja", umbo la Kiitalia linalofanya kazi ya -nge- yetu, na ndilo tutakalolikata hapa.

Waswahili tukiona m mbili tunadhani ni zetu, maana tuna mmoja na mmea. Lakini katika m-mo-ja, m ya kwanza ni silabi kamili, inajitegemea. Ya Kiitalia huegemea irabu iliyotangulia: ver-rem-mo, silabi tatu, midomo ikifungwa na kukaa kidogo kabla ya kuachia. Ukitamka ver-re-m-mo umeingiza Kiswahili.

Kukata silabi kwenyewe si kazi kubwa. Konsonanti pacha hugawana: par-le-reb-be, "angeongea". S ikifuatwa na konsonanti, kwenye maandishi huhamia silabi inayofuata: par-le-re-sti ("ungeongea"), kama sisi tunavyokata ni-nge-pe-nda. Ei ya par-le-rei ("ningeongea") haitenganishwi.

Utamu uko kwenye maumbo. Kwa silabi ni par-le-reb-be, kwa mofimu, yaani vipande vinavyobeba maana, ni parl-er-ebbe; l na r zimeruka ua. Msishangae, hata ningesoma ina mzizi som-, ila kinywa husema so-ma. Sasa itazame hiyo -ebbe. Ni neno zima, bado lipo: ebbe, "alikuwa na", kutoka kitenzi avere, "kuwa na". Watu wa zamani walikuwa wakisema kama "alikuwa na kuongea", parlare ("kuongea") pamoja na ebbe, hadi maneno mawili yakagandana. Wakati ujao ulizaliwa vivyo hivyo, ila kwa ho, "nina": parlerò, "nitaongea". Ndiyo sababu r iko kote kuwili. Ni mabaki ya parlare. Ile a ya -are, ikiwa haina mkazo, Firenze waliigeuza e. Farei ("ningefanya"), darei ("ningetoa") na starei ("ningekaa") ziligoma, zikabaki na a yao.

Vorrei, "ningetaka", neno la kwanza la kila anayeagiza kahawa, limetokana na volere, "kutaka": e ikadondoka, l ikamezwa na r, likawa vor-rei. Dovere ("kupaswa") nayo ilipoteza e, lakini v na r zilielewana, zikaingia silabi moja: do-vrei.

Linalowasumbua zaidi wanafunzi wangu ni parlerebbero, "wangeongea". Ulimi wetu umezoea mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo wanasema parlerebBEro, darasa zima kwa sauti moja. Mkazo uko kwenye reb, ya tatu kutoka mwisho. Huwa nafuta ubaoni parler- yote, nawaachia ebbero peke yake, "walikuwa na", mkazo mwanzoni. Wakishaizoea hiyo, ndipo narudisha kichwa chake.