Fildi ya utengamao wa michezo Uingereza: yanayosemwa na yalivyo

Utengamao wa michezo ni kazi ya kumrudisha mchezaji aliyeumia katika hali yake. Shahada yake inayotambuliwa na BASRaT, chama cha fani hiyo nchini Uingereza, humtaka mwanafunzi atimize walau saa 400 za fildi, yaani mafunzo ya vitendo, chini ya usimamizi.

"Ni fiziotherapia kwa jina jingine." Si kweli. Mwanafunzi wa fiziotherapia hufanya takriban saa 1,000, na humo mna wagonjwa wa mapafu na wa kiharusi. Huyu wa utengamao amejikita kwenye misuli, mifupa na viungo. Wachezaji watamwita "fizio" tu, lakini yeye ajitambulishe kuwa mwanafunzi wa utengamao: cheo cha mfiziotherapia kinalindwa na sheria.

"Saa ni saa." Inayohesabiwa ni ile iliyosimamiwa na kutiwa saini. Kuokota koni na kusinzia kwenye basi la timu havimo. Daftari lijazwe siku ileile. Anayengoja msimu uishe hukuta msimamizi kahamia klabu nyingine, na saini hakuna.

"Klabu kubwa ndiyo fildi bora." Jezi inapendeza pichani, lakini kule maamuzi ni ya daktari na mwanafunzi huishia kutazama. Kwenye kliniki ya kawaida atamfuata mgonjwa mmoja wa goti kwa wiki kadhaa, aone mpango wake mwenyewe ukifaulu au ukikwama.

"Kazi yenyewe ni masaji na teipu." Hapa ndipo wengi hupotea. Mchezaji ameteguka kifundo cha mguu. Kabla ya teipu lipo swali: apelekwe eksirei au la? Kanuni za Ottawa hujibu kwa vidole. Bonyeza sentimita 6 za chini za ukingo wa nyuma wa mfupa uliotokeza kwenye kifundo, pamoja na ncha yake, upande wa nje kisha wa ndani. Maumivu ya kifundo yakiambatana na uchungu kwenye mfupa hapo, apigwe picha. Kama anaumwa katikati ya wayo, bonyeza kitako, yaani mwisho wa nyuma, cha mfupa mrefu unaoelekea kidole kidogo, halafu navikula, mfupa mdogo wa katikati ya wayo upande wa ndani; pakiuma, apigwe picha. Asiyeweza kupiga hatua nne, tangu alipoumia hadi unapompima, naye apigwe picha. Kuchechemea ni hatua pia.

Kosa la kila msimu ni kubonyeza mbele ya kifundo, kwenye kano iliyochanika. Pale kila aliyeteguka atapiga kelele, na wote watapelekwa eksirei bure. La pili ni kuusahau ule mfupa wa kidole kidogo. Na mlevi usimpime kwa kanuni hizi, hasikii vizuri anachobonyezwa.

Kisha andika. "Anaendelea vizuri" haimsaidii atakayempokea kesho. "Goti linakunja digrii 95, juzi 80" inamsaidia.

"Aliyegongwa kichwa akisema yuko sawa, arudi." Mwongozo wa Uingereza wa 2023 kwa michezo isiyo ya kulipwa unasema akishukiwa tu kupata mtikisiko wa ubongo, atoke na asirudi siku hiyo. Mechi ni kuanzia siku ya 21 kwenda mbele, siku ya kuumia ikihesabiwa sifuri, na mazoezi yenye hatari ya kugongwa tena yangoje siku 14 bila dalili akiwa amepumzika. Kocha akishinikiza, mwanafunzi asibishane naye, amwite msimamizi. Kama msimamizi hayupo uwanjani, mwanafunzi hakupaswa kuwa anahudumia mtu.