Ndigana, masetla na karantini isiyoisha

Mimi ni daktari wa mifugo, kazi zangu nyingi ziko Kajiado na Narok, na kuna kitu kilinisumbua sana nilipoanza. Unafika bomani asubuhi na kiboksi chako cha barafu, unakaribishwa vizuri, chai ya maziwa mpaka unaomba msamaha, halafu ukienda kuhesabu ng'ombe unakuta nusu hawapo, wamevushwa bonde usiku. Na mzee mwenye boma hana shida na sindano hata kidogo. Anachoogopa ni kwamba nikimwona mmoja ana povu puani nitaandika ripoti, soko lifungwe. Nilidhani ni ukaidi tu. Siku hizi, baada ya kusoma sana mambo ya idara ya mifugo enzi za mkoloni, naona mzee yuko na sababu, tena ya zaidi ya miaka mia.

Ngoja nianzie kwa sotoka, ile tauni ya ng'ombe, kwa sababu huwezi kuiruka. Iliingilia pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, ikafika Umasaini karibu 1891, 1896 ikavuka mto Zambezi, na ilipopita mara nyingi ilibakisha ng'ombe mmoja kati ya kumi. Wamasai kipindi hicho wanakiita Emutai, maana yake kumalizwa. Sasa huko kusini wazungu walipobaki bila ng'ombe wakaanza kununua wa pwani ya Afrika Mashariki, wakawashusha bandari ya Beira na kuwapeleka Rhodesia (Zimbabwe ya leo), na hao ng'ombe wakaonekana wazima kabisa ila wakaanza kuua wenzao waliowakuta. Robert Koch, yule yule wa kifua kikuu, aliitwa Bulawayo 1903, akaangalia damu kwa darubini akakumbuka vidudu vya huo ugonjwa alishaviona Dar es Salaam miaka ya 1897 na 1898 asivitilie maanani. Basi ugonjwa ukabaki na jina la homa ya pwani. Sisi tunaita ndigana kali, Wamasai oltikana.

Hapa ndipo utamu wa hii stori ulipo kwa hiyo nivumilie kidogo. Kupe anayeeneza ndigana ni yule wa kahawia anayependa sikio. Anakula mara 3 tu maisha yake yote, na kila mara anashuka kwenye nyasi kisha anatafuta mnyama mwingine. Akinyonya vimelea kwa ng'ombe mgonjwa akiwa mdogo anakuja kuvitema kwa mwingine hatua inayofuata, ila kwa mayai havipiti. Sasa kwenye eneo ambalo huyo kupe yuko mwaka mzima ndama wa kienyeji anaugua mapema, tezi za chini ya sikio zinavimba, wengine wanakufa, na anayepona amepona, utamwogopesha na kupe hatajali. Wafugaji walijua hivyo zamani bila darubini, ndama akipona oltikana bei yake inakuwa nyingine.

Kwa setla, yaani mzungu mwenye shamba, na ng'ombe wake wa gredi, wa kizungu, kutoka Uingereza mambo ni kinyume kabisa. Ng'ombe wa mzee, mnono, mzima, aliyepona ila bado ana vimelea damuni, akipita shambani kwake anaangusha kupe kwenye nyasi na baada ya wiki chache ile gredi inakufa na maji kwenye mapafu. Kwa hiyo mzee akisema ng'ombe wangu haumwi anasema kweli, na setla akisema huyo ng'ombe ataniulia mifugo anasema kweli pia. Swali ni serikali ilichagua kumlinda nani, na jibu liko kwa ramani. Ua, majosho ya arseniki na dawa zikaenda upande wa mashamba, huku riziv, yaani maeneo waliyotengewa Waafrika, zikifungiwa kwa karantini, ya homa ya mapafu leo, ya sotoka kesho, na Umasaini hiyo karantini ilikaa miaka nenda miaka rudi. Karantini yenyewe ni dawa nzuri, mimi naitumia, lakini karantini inafungwa ili ugonjwa uishe kisha unafungua. Hii haikuwa na tarehe ya kufunguliwa. Hiyo si karantini, ni ukuta wa biashara.

Kinachoniumiza zaidi ni Laikipia. Kati ya 1911 na 1913 Wamasai wapatao 10,000 na mifugo yao waliondolewa huko kuachia masetla, wakapelekwa kusini, wakati Laikipia ilikuwa nyanda baridi isiyo na ndigana na sehemu za huko kusini kupe yuko. Yaani unachukua ng'ombe mzima ambaye hajawahi kuugua udogoni unampeleka penye ugonjwa akiwa mkubwa. Wakafa sana, na daktari yeyote wa mwaka wa tatu angekuambia watakufa.

Si kwamba maabara hazikufanya kazi, hapana. Kabete ilianza 1910, Mpwapwa upande wa Wajerumani ilitangulia 1905, na chanjo ya sotoka ya wakati huo ilitaka roho ngumu: unamdunga ng'ombe damu yenye ugonjwa hai upande huu, seramu ya ng'ombe aliyepona upande ule, unasali. Wengine ile damu iliwaamshia magonjwa mengine yaliyokuwa yamelala mwilini. Mfugaji aliyeona hivyo mara moja halafu kesho ukamrudia na sindano, ungemlaumu?

Halafu ukifunga soko miaka yote hiyo ng'ombe wanajazana, nyasi zinaisha, na afisa anakuja kusema mnafuga kupita kiasi. Ndivyo ilivyokuwa Machakos 1938, ng'ombe za Wakamba zikachukuliwa kwa lazima na kuuzwa bei ya kutupa wakati kiwanda cha nyama cha Liebig pale Athi River kinasubiri mzigo, mpaka Muindi Mbingu akawaongoza watu kwa maelfu hadi Nairobi kumwona gavana. Yeye akahamishiwa Lamu kizuizini, lakini ule upunguzaji wa lazima ukasimamishwa.

Sasa hivi chanjo ya ndigana tunayotumia ilitoka kituo cha utafiti cha Muguga miaka ya 1970, na ukiifikiria ni ujuzi wa wale wazee umegandishwa kwenye naitrojeni: tunamdunga ndama vimelea hai vilivyotolewa kwa kupe waliosagwa, na papo hapo antibiotiki, oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu mwilini, augue kidogo apone. Kisha tunamvisha hereni ya plastiki sikioni, alama kwamba amechanjwa. Mwezi uliopita yule mzee wa ng'ombe za usiku alinipigia simu mwenyewe, hakuuliza chanjo bei gani, aliuliza hereni ninazo ngapi, maana sokoni ndama mwenye hereni anaongezewa bei.